Mwaka wa vita ya Kagera: jinsi sisi akina mama wa Mabawe tulivyoyakataa maziwa ya kopo

Wakuu, heshima kwenu. Wadogo zangu na wajukuu zangu humu ndani, marahaba, hata ambao hamjanisalimia.

Juzi nilikuta uzi mmoja humu watu wanabishana kuhusu vyakula vya viwandani. Kijana mmoja akaandika kwamba bibi zetu walikataa maziwa ya kopo kwa sababu ya ushamba, hawakujua sayansi. Nikaepua sufuria jikoni, nikarudi kusoma mara ya pili.

Kijana, mimi ni mmoja wa hao bibi. Nilikuwepo. Nilikataa. Na nikirudishwa pale pale leo, nitakataa tena.

Majina nimebadilisha kwa sababu wengine wana wajukuu humu humu. Mengine yote ni kama yalivyotokea. Anayetaka kusema ni chai, aseme, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Sisi ni Wahangaza wa Mabawe, Ngara. Nilimaliza darasa la saba nikaolewa na Pastori. Tulikuwa na migomba yetu mlimani na maharage bondeni.

Ikaja operesheni ya vijiji. Tukateremshwa, tukapangwa kwenye mistari karibu na barabara, nyumba kwa nyumba kama kambi. Migomba ikabaki kule juu. Tuliahidiwa shule, zahanati na bomba. Shule ilikuja kweli. Zahanati ilikuja kweli. Bomba nalo lilikuja, likatoa maji kwa muda, kisha likakauka, tukarudi kuchota kijitoni pamoja na ng'ombe.

Sisemi hivi kuibeza Ujamaa. Mimi Ujamaa ulinipa jirani, na bila hao majirani uzi huu usingekuwepo.

Jirani yangu mkubwa alikuwa wifi yangu Velonika, mdogo wake Pastori. Msichana wa kucheka, akianza kusimulia kitu mnaacha majembe. Mimi na yeye tulijifungua karibu wakati mmoja. Mimi nilimpata Renata, mtoto wangu wa pili. Yeye alimpata Deo, kifungua mimba wake.

Mama yao, yaani mama mkwe wangu, sisi huita mabukwe, alikuwa akizunguka nyumba hizi mbili na chungu cha uji wa mtama. Alikuwa anasimama juu yako mpaka umalize. Ukibakiza, anakaa chini, anakutazama.

Basi siku moja ya kupima watoto, tukakuta Landrover nyeupe imesimama zahanati.

Akashuka dada mmoja mzuri, gauni jeupe, viatu vyeupe, kofia nyeupe kichwani. Sote tukadhani tumeletewa nesi mpya. Wengine walianza kumwambia magonjwa yao hapo hapo.

Mganga wa zahanati alikuwa amesimama pembeni yake anatabasamu. Ukutani kulikuwa kumeshabandikwa kalenda mpya yenye picha ya mtoto mnene, mashavu kama maandazi. Mwenyekiti wa kijiji naye alikuwepo, amevaa shati lake la mikutano.

Yule dada akauliza, "Akina mama, mnawapenda watoto wenu?"

Tukajibu kwa pamoja kama wanafunzi, "Tunawapenda!"

"Basi kwa nini mnawanyima chakula cha kisasa?"

Tukatazamana.

Akatoa visosa viwili akaviweka mezani. Akamwita Velonika kwa sababu ndiye aliyekuwa mbele, akamwomba akamulie matone machache ya maziwa yake kwenye kisosa kimoja. Velonika akacheka kwa aibu, akafanya. Kwenye kisosa cha pili yule dada akamimina maziwa ya unga aliyokuwa ameyakoroga mwenyewe, mazito, yamekaa kama uji.

Akainua visosa vyote viwili.

"Tazameni wenyewe. Haya ya mama yana maji. Haya ya kopo yamejaa nguvu. Mtoto gani atakuwa na akili darasani?"

Wakuu, mpaka leo naikumbuka sura ya Velonika. Kicheko kilimtoka usoni. Akafunga blauzi yake haraka haraka kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Sikuwa na elimu ya lishe, sikuwa na la kumpinga kisomi. Nilichojua ni kwamba huyu mgeni amemwita wifi yangu mbele ya watu ili amwaibishe.

Nikanyosha mkono. "Dada, wewe ni nesi wa hospitali gani?"

"Mimi natoka kwenye kampuni, mama."

"Kwa hiyo wewe siyo nesi."

"Nimefundishwa mambo ya lishe."

"Na mtoto wako wewe anakunywa haya?"

Akainama kupanga makopo yake. Mwenyekiti akaingilia, "Mama Renata, kijiji chetu kinakwenda mbele. Usituaibishe kwa wageni."

"Ndugu Mwenyekiti, nimeuliza swali tu."

"Maswali yana siku yake."

Wakaanza kugawa. Kila aliyejifungua karibuni alipewa makopo na chupa yenye chuchu ya mpira, bure kabisa. Nilipofikiwa nikarudisha. Mganga akaniambia nitakuja kujuta. Nikamwambia nikijuta nitamletea habari. Nikamfunga Renata mgongoni nikaondoka.

Velonika alichukua. Simlaumu hata kidogo. Ungeambiwa wewe mbele ya kijiji kizima kwamba mwili wako unamnyima mwanao akili, ungefanya nini?

Mwanzo Deo alinenepa. Velonika akaanza kunitania, "Wifi, bado unamnywesha maji?" Nikawa nacheka naye. Nilifurahi kuona utani wake umerudi.

Lakini ya bure hayakuchukua muda kwisha. Yakaanza kuuzwa duka la kijiji. Na wakati huo maziwa yake mwenyewe, kwa kuwa hayanyonywi, yalikuwa yameshakauka. Hiyo ndiyo hila yenyewe, wakuu. Kopo la bure lilitosha kukausha ziwa. Baada ya hapo huna pa kurudi, unabaki mteja.

Akauza maharage ya mbegu. Yalipokwisha, akaanza kubana. Badala ya vijiko vilivyotakiwa akaweka kimoja, maji mengi. Maandishi ya kopo yalikuwa ya Kizungu, hakuna aliyeyajua, tulikuwa tunatazama picha tu. Maji ni yale yale ya kijitoni. Kuni za kuchemsha kila mtoto anapolia utazitoa wapi, na msitu uko mbali tangu tulipohamishwa? Chupa inaoshwa kwa maji baridi, inawekwa juu ya kinu, nzi wanaitembelea.

Deo akaanza kuhara. Akapona, akahara tena. Yale mashavu yakashuka, macho yakaingia ndani. Velonika akampeleka zahanati. Mganga akampa dawa ya kuhara na kumwambia aongeze maziwa ya kopo, mtoto hashibi.

Tulikuwa na jirani mwingine, Adelina, mke wa fundi seremala. Naye alichukua makopo siku ile. Binti yake alianza hivyo hivyo, akahara, akakauka. Asubuhi moja tulisikia Adelina analia, tukajua. Tulimzika yule mtoto nyuma ya nyumba yao, kwenye migomba michanga waliyokuwa wamepanda baada ya kuhamia. Kisanduku baba yake alikitengeneza mwenyewe. Hakuomba msaada wa mtu.

Mnisikilize vizuri hapa, msije mkanilisha maneno. Sisemi kopo peke yake lilimwua. Lilikuwa kopo, na chupa, na maji ya kijito, na uongo. Wale waliolileta waliyajua maji yetu, waliyaona, gari lao lilivuka kile kijito kuja kwetu. Na bado walituambia tuache kitu kisafi tulichopewa na Mungu.

Kisha vita ikaja.

Tulisikia kwenye redio ya mwenyekiti kwamba nduli amevamia Kagera. Wanaume waliokuwa mgambo wakaitwa. Pastori akaenda, mume wa Velonika akaenda, walipanda lori moja wakiimba. Sisi tukabaki na watoto na majembe.

Malori na mabasi yakachukuliwa kupeleka askari na chakula mbele. Duka la kijiji likabaki mbao tupu. Chumvi hakuna, sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna. Maziwa ya kopo ndiyo usiseme.

Velonika alikwenda kwa miguu mpaka Ngara mjini kutafuta kopo. Alikuta rangi ya viatu na viberiti. Akaenda kwa shangazi yake kule Kirushya, labda huko lipo. Akarudi na mkungu wa ndizi kichwani na Deo mgongoni, mtoto hata kichwa hakiinui.

Alikuja moja kwa moja kwangu. Nilikuwa uani nachambua maharage, Renata ananyonya. Akakaa chini. Kwenye chupa alikuwa ametia maji aliyochemshia ndizi. Anamtia mtoto mdomoni, yanatoka pembeni.

Nikamweka Renata kwenye mkeka. Nikamwambia, "Wifi, nipe huyo."

Akamkumbatia. "Usimguse. Maziwa yako ni maji. Utanimalizia mwanangu."

Yaani mtoto anakufa mikononi, na bado yale maneno ya kisosa yamemkaa kichwani. Ndiyo maana nasema sumu haikuwa kwenye kopo tu.

Mabukwe alikuwa anakoroga uji. Akauacha, akaja akasimama mbele ya binti yake.

"Velonika, wewe nilikukuza kwa nini? Kwa kopo?"

Velonika akaanza kulia.

"Na kaka yako nilimkuza kwa kopo? Huyu aliyekwenda kupigana sasa hivi, nilimkuza kwa kopo? Leta mtoto."

Akamtoa mikononi mwake taratibu, akanipa.

Deo alikataa. Alikuwa ameshasahau ziwa, anajua mpira tu. Nikimwekea anageuza uso, analia kilio kile cha mtoto asiye na nguvu, kama mlango unaokwaruza. Nikakamulia kwenye kijiko, mabukwe akamdondoshea kidogo kidogo. Akameza. Tukaendelea hivyo mpaka jua likahama uani. Halafu, sijui alisikia harufu, sijui alichoka kugoma, akageuka mwenyewe akashika ziwa. Akavuta kwa nguvu, nikashtuka.

Mabukwe akaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia anapenga kamasi.

Kuanzia siku hiyo nikanyonyesha wawili. Vijana wa sasa, hapa naweka angalizo: msifanye hivyo leo bila kwenda hospitali na kupima. Zama zimebadilika, kuna maradhi ambayo wakati ule hatukuyajua. Mimi nasimulia ya kwangu.

Lakini mabukwe hakutaka iishie hapo. Alisema Deo ana mama yake. Kila mtoto alipomaliza kwangu, anamhamishia kifuani kwa Velonika, avute hata kama hakuna kitu. Anamkanda binti yake kifua kwa kitambaa cha maji ya moto. Uji wa mtama asubuhi, mchuzi wa maharage mchana, uji tena jioni. Velonika alikuwa anasema, "Mama, hakuna kitu humu, unanitesa bure." Mabukwe anajibu, "Kunywa."

Siku moja tuko shambani tunapalilia, Velonika akapiga ukelele. Nikatupa jembe nikajua ni nyoka. Nikamkuta amesimama katikati ya maharage, blauzi imelowa kifuani, analia na kucheka kwa pamoja.

"Wifi! Yamerudi! Yamerudi!"

Tulicheza pale pale. Ambaye angetuona angesema hawa wanawake vita imewaharibu akili.

Deo akapona. Hakuwa mnene kama wa kwenye kalenda. Alikuwa mtoto wa kawaida, mkorofi, anayeng'ata.

Vita ikaisha. Malori yakarudisha watu. Pastori alishuka amekonda, kimya, ila mzima. Mume wa Velonika hakushuka. Tulisubiri lori lingine, na lingine. Mwishowe wakaja watu wawili wa serikali na kofia mkononi. Tangu siku hiyo Velonika alipomtazama Deo, alikuwa anawatazama watu wawili.

Sasa ndipo ile Landrover iliporudi.

Habari zilitangulia: mwenyekiti ametangaza akina mama wote wenye watoto wachanga wafike zahanati, kuna wageni. Tulikuwa kijitoni tunafua. Hatukufanya mkutano wa maana. Adelina alisema tu, "Safari hii mimi nitakwenda naye mahali." Velonika akasema, "Na mimi nina kazi na kisosa." Tukamaliza kufua.

Dada alikuwa yule yule, na gauni lile lile. Meza, makopo, visosa. Akaanza, "Akina mama, mnawapenda watoto wenu?"

Hakuna aliyejibu.

Velonika akaenda mbele bila kuitwa, Deo anamshika sketi. Akachukua kisosa, akakamulia maziwa yake mbele ya wote, mwenyekiti akageuza uso pembeni. Akakisukuma mezani.

"Haya ndiyo uliyoyaita maji. Yamemtoa huyu kaburini. Ya kwako yalikuwa yanampeleka."

Yule dada akafungua mdomo. Kabla hajasema, Adelina alikuwa ameshamshika mkono. Hakumvuta kwa nguvu. Alimwambia kwa upole kabisa, "Njoo dada, si mbali."

Wakatoka pamoja, sisi nyuma yao, mpaka kwenye migomba. Adelina akamwonyesha. "Huyu wangu alikuwa anakunywa ya kwako. Msalimie."

Viatu vyeupe kwenye udongo mwekundu. Yule dada alisimama pale. Kisha akaniangalia mimi, sijui alinikumbuka kwa lile swali langu, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi sina mtoto. Walinipa gauni na maneno ya kusema."

"Basi warudishie gauni lao," nilimwambia.

Mwenyekiti alikuwa amefika anahema. Akapayuka kwamba tumefanya fujo, tumefukuza wageni wa maendeleo, na kiongozi wa fujo ni mimi. Akaagiza mgambo anipeleke kwa Katibu Kata. Mgambo mwenyewe alikuwa ametoka vitani na Pastori, akanisindikiza kama anayempeleka dada yake sokoni.

Katibu Kata akaniuliza, "Wewe ndiye uliyewachochea wanawake wakatae maziwa?"

"Ndiyo."

Nadhani alitegemea nikane. "Unajua hilo ni kosa?"

"Sijui ni kosa gani, ndugu Katibu. Ukilipata jina lake niambie, nitakubali."

Akaniamuru nikae kwenye benchi mpaka atakapoamua.

Hakupata nafasi ya kuamua. Nje wakaanza kufika. Velonika, Adelina, mabukwe na fimbo yake, kisha akina mama wa mstari wetu, kisha wa mstari wa juu. Wakakaa mlangoni, kwenye ngazi, chini ya madirisha. Hawakuimba, hawakutukana. Walikaa tu wakinyonyesha. Mtoto mmoja akilia, wote wanalia. Mzee aliyekuja na shida ya mpaka wa shamba alishindwa kupita. Katibu alipofungua dirisha aseme neno, mabukwe akamsalimia vizuri sana, "Habari za kazi, mwanangu?" Ikabidi ajibu, "Shikamoo mama." Baada ya shikamoo hiyo, akaanza upya kutafuta ukali wake, hakuupata.

Jioni haijafika akaniambia, "Mama Renata, nenda nyumbani. Nenda nao hawa wote."

"Na makopo?"

"Makopo yamekwenda na gari."

Hayakurudi Mabawe, angalau kwa miaka yote niliyonyonyesha. Yule dada sikumwona tena. Mganga wa zahanati alibandua kalenda yake bila kuambiwa na mtu.

Deo leo ni mtu mzima, ana gereji ya malori Nyakanazi, ukimwambia alikuwa karibu kufa kwa utapiamlo anakutazama na lile tumbo lake anacheka. Adelina alipata watoto wengine, mabukwe akawapokea wote. Velonika ameshafariki. Nimemwandika hapa kwa heshima zote.

Somo langu ni hili, wakuu.

Mimi sipingi sayansi, na kopo silichukii. Mama akifariki, mama akiwa mgonjwa, daktari akisema, kopo limeokoa wengi na litaokoa. Ninachokikataa ni mtu kuja kukudharau kwanza ili apate kukuuzia. Akuambie mwili wako hauna kitu, mtama wako hauna kitu, maharage yako ni ya maskini, halafu akufungulie boksi. Siku hizi hawaji na Landrover, wanakuja kwenye simu. Juzi pale stendi Nyakanazi nilimwona mama kijana anamnywesha mtoto asiye na meno juisi ya unga, rangi kama ya plastiki, kwa sababu pakiti imeandikwa ina vitamini. Nikamwuliza kama nilivyouliza zamani: aliyekuuzia, mwanawe anakunywa hii? Akaninunia. Sawa, nilikwisha nuniwa na wakubwa zaidi yake.

Muulizeni anayewalisha: wewe unakula hiki? Mwanao anakula hiki? Akikaa kimya, mmeshajibiwa.

Haya, uwanja ni wenu. Mliokuzwa kwa kopo mkawa wazima, andikeni, sina ugomvi nanyi. Mnaofanya kazi viwandani, andikeni pia, mtueleze tusiyoyaona. Mwenye bibi aliyewahi kukataa kitu akaitwa mshamba, alete kisa chake.

Ila atakayeanza na neno ushamba, nitamjibu. Nina bando, na nina muda.